Kizuri Hakijiuzi Chenyewe

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo tumeirithi, tumeikariri tangu utotoni, na wengi wetu tumeitumia kuwabeza wafanyabiashara wapigao kelele sokoni. Lakini jioni moja katika kata ya Buzebazeba, Manispaa ya Kigoma Ujiji, tuliiona ikitiwa shakani mbele ya macho yetu.

Ilikuwa baada ya sala ya magharibi. Tulikuwa tumeketi barazani pamoja na wazee wa mtaa, kila mmoja na kikombe chake kidogo cha kahawa chungu. Mkabala nasi, katika banda la mwuza soda, palikuwa na televisheni iliyowekwa kwa ajili ya wapenzi wa mpira. Mchezo ulipofika mapumziko, likatokea tangazo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Mzee mchekeshaji alijikongoja kwa mkongojo, akanywa funda moja, akautupa mkongojo na kutimua mbio hata akampita mbwa aliyekuwa akimfukuza. Wazee wa baraza walicheka mpaka machozi yakawatoka. Watoto waliochuchumaa chini walikwisha yahifadhi maneno yote, wakayatamka pamoja na mchekeshaji. Kabla mpira haujaanza tena, vijana watatu walikuwa wamenyanyuka kwenda kununua chupa.

Mwuza kahawa aliyekuwa karibu nasi, na dele lake juu ya makaa, hakuuza hata kikombe kimoja katika dakika zile. Aligonganisha vikombe vyake mara mbili, akasema kwa upole, "Mimi tangazo langu ni hili tu."

Neno hilo tumerudi nalo Visiwani. Nani kati yetu asiyeujua mlio wa vikombe vya kahawa? Unasikika Jaws Corner mjini Unguja, unasikika katika baraza za Wete na Chake Chake. Watu wa Pwani waliofanya maskani Ujiji katika karne ya 19 waliishi huko na misikiti yao, vyuo vyao na baraza zao, na mpaka leo mgeni atokaye Visiwani akikaa barazani Ujiji hujiona yu nyumbani.

Tofauti ni moja. Sisi tunainywa kahawa, Kigoma wanailima. Katika vijiji vya milimani kama Kalinzi na Matyazo, mkulima hupanda arabika na kuichuma kwa mkono, punje kwa punje, na chama cha ushirika cha Kanyovu kimekuwa chombo cha wakulima hao cha kuisafisha na kuiuza. Sehemu kubwa sana ya kahawa ya Tanzania huvuka bahari, na Japani ni miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Hapana budi, basi, tuwatazame wanunuzi hao, maana katika kuuza kinywaji kwa kicheko wana mengi ya kutufunza.

Tangazo la kwanza la televisheni nchini Japani lilionyeshwa tarehe 28 Agosti 1953, nalo lilikuwa la saa. Tangu hapo Wajapani wameufanya ufundi huo kuwa fani kamili. Matangazo yao mengi hayazidi sekunde 15, na katika muda huo mfupi hawahangaiki kueleza kinywaji kimetengenezwaje. Wanakuchekesha, basi. Miaka ya mwisho ya 1980, Arnold Schwarzenegger, yule shujaa wa filamu za vita wa Marekani, alikubali kukodoa macho na kufanya vituko ili kuuza dawa ya nguvu iitwayo Alinamin V.

Mfano uliotugusa zaidi ni wa kahawa ya kopo iitwayo Boss, ya kampuni ya Suntory. Tangu mwaka 2006 mwigizaji Tommy Lee Jones ameigiza katika mfululizo wa matangazo yake kama kiumbe kutoka sayari nyingine, aliyetumwa kuwachunguza wanadamu. Hujigeuza dereva, kibarua wa ujenzi, mchukuzi wa mizigo. Hushangaa, hukosea, huchoka, kisha hufungua kopo lake la kahawa, na hapo huona kwamba dunia hii, pamoja na upuuzi wake wote, ina jambo zuri ndani yake. Ni kichekesho, lakini kichekesho kinachomheshimu mfanyakazi. Mtu aliyetoka jasho kutwa hujiona mwenyewe pale, hucheka, na kesho hununua kopo.

Sasa tuitazame kahawa yetu huko huko Japani. Huuzwa kwa jina la Kilimanjaro. Kwa kanuni za wauza kahawa wa nchi hiyo, arabika ya Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba, yaweza kuitwa Kilimanjaro hata kama haikuota karibu na mlima huo, na mchanganyiko unaobeba jina hilo unatosha kuwa na asilimia 30 tu ya kahawa hiyo. Hatuwaonei wivu ndugu zetu wa Kilimanjaro. Mlima ni wa taifa zima. Lakini mkulima wa Kalinzi ana haki ya kujua kwamba punje zake zaweza kumfikia mnywaji wa Tokyo bila jina la Kigoma kutajwa. Kizuri kisipotangazwa na mwenyewe, hutangazwa kwa jina la mwingine.

Je, tumekosa vyombo? La. Visiwani tulianza kuona televisheni, tena ya rangi, mwaka 1973, na Bara ikafuata mwaka 1994. Tumekosa wachekeshaji? Hasha! Marehemu Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, alikuwa akitokea tu kwenye kioo, kabla hajafungua kinywa, na nyumba nzima ilikuwa imekwisha cheka. Sura yake ilitumika kuuza bidhaa nyingi. Alifariki tarehe 8 Agosti 2018 baada ya kuugua, na mwaka huohuo suala la mikataba ya wasanii, yake ikiwamo, lilifika mezani kwa waziri mwenye dhamana ya sanaa, likaundiwa kamati. Funzo lake ni zito: kicheko nacho ni jasho. Anayevuna faida ya kicheko bila kumlipa mwenye kicheko ni mnyonyaji sawa na yule anayevuna faida ya kahawa bila kumlipa mkulima.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wahusika mambo matatu. Kwanza, Bodi ya Kahawa na ushirika watenge fungu la kuitangaza kahawa ya Kigoma kwa jina lake, nyumbani na ng'ambo, na mashirika yetu ya utangazaji ya umma yatoe nafasi kwa bei nafuu. Pili, kazi hiyo wapewe wachekeshaji wetu, kwa mikataba ya maandishi wanayoielewa, inayowalipa kila tangazo linaporudiwa. Tatu, ubora ulindwe, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na tangazo ni sifa iliyolipiwa, hatari yake ni kubwa zaidi.

Wala tusingoje Mjapani aje atutungie kichekesho. Kipo tayari pale Buzebazeba: wazee watano, dele moja, ubishi kuhusu mpira, na mwuza kahawa agongaye vikombe vyake asisikiwe. Anayehitajika ni mtu wa kuja na kamera, na bahasha ya malipo halali.