Mikrobe Iliyozoea Dawa Inaweza Kukaa Ndani ya Mutu Asiyeumwa

Siku moja ya kupima watoto, mama mumoja alifika kliniki na shavu limevimba. Mutoto wake alikuwa mugongoni, ana afya nzuri. Ni mama ndiye aliumwa. Akasema: «Munganga, jino inaniuma juma mbili sasa. Nimekunywa tetra, nimekunywa ampi, lakini mwili yangu imekwisha kuzoea dawa. Hainisikie tena.»

Tukamuuliza alikunywa vidonge ngapi. Akajibu: «Viwili asubui, viwili magaribi. Maumivu ikapunguka kidogo. Vingine nikaviweka, kama mutoto atapata kikohozi.»

Hatukumucheka hata kidogo, kwa sababu nyumba nyingi zinafanya vile vile. Lakini katika neno lake kuna kitu cha kusahihisha. Alisema kwamba mwili wake umezoea dawa. Hapana, mama. Mwili hauzoei antibiotike. Ni mikrobe ndiyo inazoea. Na mikrobe haikai kwa mutu mumoja tu. Inatembea.

Mikrobe ni vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Katika kinywa cha kila mutu, hata yule anayesugua meno kila siku, mna mikrobe nyingi kupita watu wote wa Congo. Nyingi hazina mabaya. Puani pia zimo. Kuna moja inayoitwa stafilokoke: kati ya watu 10 wenye afya, karibu 3 wanaibeba puani, na hawajui kitu. Hawana homa, hawana mafua. Lakini mutu huyo akigusa pua yake, kisha akagusa kidonda, mikrobe imepata mulango. Hapo inaleta usaha: katika kitovu cha mutoto muchanga, katika ziwa la mama ambalo chuchu imepasuka, katika pahali palipochanika wakati wa kuzaa. Wakati mwingine inaingia katika damu, na mutoto muchanga anaweza kufa kwa siku chache.

Zamani dawa ya penisilini iliweza kuua stafilokoke. Munganga Alexander Fleming aliivumbua katika muji wa London mwaka 1928, na kisha mwaka 1941 ilianza kupewa wagonjwa. Wengi waliokuwa karibu na kufa walipona. Lakini mwaka 1945 Fleming mwenyewe aliwaonya watu: mutu anayekunywa penisilini kidogo tu, isiyotosha kuua mikrobe, anaifundisha kuishinda dawa. Na ikawa vile. Miaka michache tu, na katika mahospitali ya Ulaya stafilokoke nyingi zikawa haziogopi penisilini tena. Wakatengeneza dawa ingine, jina lake metisilini. Mwaka 1961 waganga wa Uingereza waliandika kwamba wamekwisha kupata stafilokoke inayoishinda hiyo pia.

Namna gani mikrobe inashinda dawa? Fikirini shamba la mihogo. Ugonjwa ukiingia, miti mingi inakufa, lakini miti mitatu minne inabaki kwa sababu ni ya namna ingine. Ukipanda vijiti vya ile tu, mwaka ujao shamba lote ni la namna ile. Mikrobe ni vile vile. Kila mara tunapokunywa antibiotike, zile zizaifu zinakufa, zile ngumu zinabaki na kuzaa, na pahali panapozifaa zinaweza kuzidi mara mbili katika nusu ya saa. Tena mikrobe ngumu inaweza kumupa jirani yake ugumu wake, sawa mama anayemupa mwenzake mbegu. Ndiyo maana kila kidonge kisicho na lazima kinatuletea hasara sisi wote.

Sasa tuseme kidogo juu ya wanafunzi wanaojifunza kuponya meno, kama wale wanaosomea kazi hiyo Kinshasa katika universite. Katika nchi nyingi za dunia, walimu wa mashule ya namna hiyo wamewapima wanafunzi wao. Wanachukua kijiti chenye pamba, wanakipitisha puani, wanapanda mikrobe katika labo ndani ya kisahani. Juu yake wanaweka vikaratasi vidogo vyenye antibiotike. Kama dawa ina nguvu, mikrobe inakufa kuzunguka kikaratasi na panabaki duara safi. Kama mikrobe imezoea dawa, inaota mpaka inagusa kikaratasi. Na kweli, kati ya wanafunzi wenye nguvu, wasio na ugonjwa wowote, wamekutwa wenye kubeba stafilokoke ambayo dawa nyingi haziiwezi.

Sababu ya kuwapima ni kazi yao. Wanainama juu ya kinywa cha mutu saa nyingi. Mashini ya kutoboa jino inatupa mvuke wa maji, mate na damu, na mvuke ule unaanguka juu ya uso, nguo, taa na kiti. Mukono unaotoka kinywani unashika taa, kisha kitambaa cha uso, kisha pua. Mugonjwa wa pili anaketi juu ya kiti kile kile. Kwa hiyo wanafundishwa kuvaa mipira ya mikono na kuibadilisha kwa kila mugonjwa, kufunika pua na kinywa, kupangusa kiti na taa, kuchemsha vyombo kwa mvuke wa moto sana, na kunawa kabla na kisha.

Lakini musiseme: «Basi, tusiende kwa munganga wa meno.» Jino lenye usaha linaweza kuua. Tena mikrobe hiyo haiko kwa wanafunzi wa meno tu. Infirmiye anaweza kuibeba. Mimi ninayewaandikia ninaweza kuwa nayo puani leo. Wewe pia, mama, na bwana wako. Kuibeba si haya, si kosa, na mara nyingi haiombi dawa. Inaomba mikono safi.

Nguvu ya mikono safi ilionekana zamani kabisa, mbele ya penisilini. Katika hospitali moja kubwa ya Vienna, nchi ya Austria, wanafunzi wa uganga walikuwa wanatoka kupasua maiti na kwenda palepale kuzalisha wamama. Mwezi wa nne mwaka 1847, katika wamama 100 waliozaa mikononi mwao, 18 hivi walikufa kwa homa ya uzazi. Munganga Semmelweis akawalazimisha kunawa na maji yenye klore. Mwezi wa sita walikufa karibu 2 kati ya 100. Wanafunzi hawakuwa watu wabaya. Walibeba kifo mikononi bila kukiona. Wakubwa wengi walimukatalia Semmelweis. Hata leo mukubwa hapendi kuambiwa anawe.

Lakini ninyi mutuambie. Munganga akitaka kufungua kinywa chako au kugusa kitovu cha mutoto, uulize kwa upole: «Munganga, umekwisha kunawa mikono?» Hapa hatukasirike. Na nyumbani, mama, nawa na sabuni mbele ya kunyonyesha, mbele ya kugusa kitovu, kisha kumupangusa mutoto puani, kisha choo. Sugua pia katikati ya vidole na chini ya kucha. Kama sabuni haiko, majivu safi na maji ni bora kuliko maji peke yake. Usifungue kidonge na kumwanga unga wake juu ya kidonda wala juu ya kitovu. Ni kama kuipa mikrobe masomo.

Turudie jino. Jino lililotoboka linauma kwa sababu mushipa wa ndani umegonjwa, na antibiotike haiwezi kuziba tundu. Kama hakuna uvimbe wala homa, kidonge cha rangi mbili hakitakusaidia. Kunywa dawa ya maumivu kama parasetamole, sukutua na maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kisha uende jino lizibwe au ling'olewe. Wengi wanaogopa koleo kuliko usaha! Tetra tuiseme peke yake: mama mwenye mimba asiinywe, na mutoto mudogo asipewe, maana inaingia katika meno yanayojengwa, na yanatoka ya manjano au ya kijivu mpaka uzee.

Shavu likivimba, homa ikipanda, kinywa kikishindwa kufunguka au kumeza kukiwa vigumu, usingoje siku ya kliniki. Njoo usiku huo huo. Hapo antibiotike ina kazi yake, na munganga atakuambia siku ngapi na mara ngapi. Uifuate vile, usipunguze, usimugawie jirani.

Yule mama alikuja kwa wakati. Tulitoa usaha, jino likang'olewa, akapewa dawa ya siku tano kwa sababu ya uvimbe na homa. Siku ya kurudi shavu lilikuwa limeshuka. Akafungua fundo la kitenge chake na kutupa vile vidonge vinne alivyomuwekea mutoto, vimekwisha kushikana kwa jasho.