Fahamu: Kwa nini Civilization VII imewagawa mashabiki wake

Tangu 1991, mchezo wa kompyuta wa Civilization humkabidhi mchezaji taifa moja, alilee tangu zama za kale hadi za roketi. Nasi Waswahili tuna hisa humo, kwani "Baba Yetu", wimbo wa toleo la nne uliotungwa na Christopher Tin, uliimbwa kwa Kiswahili na kutunukiwa Grammy mwaka 2011.

Toleo la saba, lililotoka Februari 2025, limeigawa historia ya dunia katika enzi tatu, na lilipotoka, kila enzi ikikoma mchezaji hakuwa na budi kubadili taifa, hata Augustus wa Rumi aliweza kuishia kuwatawala Wafaransa.

Waliolisifu walinena kwamba hila hii iliondoa uchovu wa mwishoni, mshindi akiwa keshajulikana. Waliolilaumu walidai kwamba taifa walilolilea kwa subira lilipokonywa mikononi mwao.