Msamiati wa Kiingereza kwa Wanafunzi wa Sekondari: Namna ya Kuujenga

Mwanafunzi atokaye shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili huingia Kidato cha Kwanza akiwa amejifunza sayansi na hisabati kwa lugha anayoimudu. Kuanzia hapo, masomo karibu yote hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mara nyingi kinachompungukia si maarifa bali maneno. Anafahamu vema kwa nini nguo iliyoanikwa juani hukauka, lakini swali linalouliza jambo hilo hilo linampita.

Maneno anayokutana nayo ni ya aina tatu. Aina ya kwanza ni maneno ya kila siku, kama "water" na "teacher". Ya pili ni istilahi za somo, kama "photosynthesis", yaani usanisinuru. Hizi mwalimu huzifafanua darasani. Ya tatu ni maneno ya kitaaluma yanayopatikana katika masomo yote, kama "identify", "contrast" na "significant". Aina hii ya tatu husahaulika kwa urahisi, kwa kuwa si mali ya somo lolote.

Mwaka 2000 mtafiti Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya koo 570 za maneno ya namna hiyo, ambazo huchukua takriban asilimia 10 ya maneno ya maandishi ya kitaaluma. Mwanafunzi ajifunzaye koo 10 kwa wiki huimaliza orodha hiyo kwa wiki 57. Akianza mapema Kidato cha Kwanza, huwa ameimaliza kabla ya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili.

Maneno ya kuanza nayo ni yale yanayoamuru katika maswali ya mtihani. "State" hudai kutaja kwa ufupi, "describe" hudai kueleza jambo lilivyo, na "explain" hudai sababu. "Account for" katika somo la Historia haihusiani na hesabu wala akaunti ya benki. Maana yake ni kutoa sababu. Anayeorodhesha pale alipotakiwa kutoa sababu hupoteza alama za jambo analolijua.

Neno moja pia hubadili maana kwa kufuata somo. "Solution" katika Hisabati ni jawabu, na katika Kemia ni mmumunyo. Kwa hiyo neno liandikwe daftarini pamoja na sentensi lilimopatikana, wala si peke yake.

Kujifunza kwa koo hupunguza mzigo. Msemaji wa Kiswahili anajua tayari kwamba msomaji, somo na usomaji hutokana na soma. Vivyo hivyo, "produce" huzaa "product", "production" na "productive". Vipande vya maneno navyo husaidia: "bio" huhusu uhai, "geo" huhusu dunia, na "logy" huhusu elimu ya jambo fulani. Ajuaye vipande hivyo huanza kukisia maana ya "biology" na "geology" kabla ya kufungua kamusi.

Neno lisiporudiwa husahaulika. Utaratibu mwepesi ni kulipitia kesho yake, mwisho wa wiki na mwisho wa mwezi, na kila mara kutunga nalo sentensi mpya. Kukariri maana bila kulitumia neno hakutoshi. Kwa rejea, Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya TUKI, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1996, humpa mwanafunzi maana kwa lugha aielewayo.

Mzazi asiyejua Kiingereza ana nafasi kubwa katika kazi hii. Ashike daftari la msamiati, amwonyeshe mtoto neno lolote, na amtake alieleze kwa Kiswahili pamoja na mfano wa shambani, sokoni au jikoni. Mtoto anayebabaika katika maelezo hajalielewa neno, hata kama amelikariri. Dakika 10 kila jioni zinatosha. Shule nayo inaweza kuombwa, kupitia mkutano wa wazazi, iandae orodha moja ya maneno ya kila wiki itakayotumiwa na walimu wa masomo yote, ili mwanafunzi akutane na neno lile lile katika Jiografia, Baiolojia na Historia. Haba na haba hujaza kibaba.