Mfarishi wa Vipande ni Akiba ya Mfanyakazi



Kiwanda cha nguo cha COTEBU, hapa Bujumbura, kilifungwa, lakini ujuzi wa mikono haukufungwa. Nyumbani kwangu Nyakabiga tunashona mifarishi jioni kwa mabaki ya vitenge tunayoomba kwa mafundi cherehani.

Kazi yenyewe ni hii. Kata vipande vya sentimita 22 kila upande. Mshono ukila 2, hubaki 20. Vipande 80, yaani mistari 10 ya vipande 8, hutoa mfarishi wa sentimita 200 kwa 160. Chini weka shuka, katikati blanketi kuukuu, kisha shona tabaka zote pamoja, blanketi lisije likajikunja wakati wa kufua.

Mfarishi wa kwanza ni wa watoto wako. Wa pili ni wa jirani. Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika Gatumba, maelfu wakakosa makao. Usiku wa mvua mtoto hafunikwi kwa maneno ya pole.

Lakini tusidanganyike: sadaka si badala ya haki. Mwenye ujira wa kutosha hujinunulia blanketi. Basi tushone, na huku tukidai mshahara wa halali. Umoja ni nguvu.