Robota la nyasi ndani ya plastiki: Je, ni hei, saileji au uozo?

MSOMAJI mmoja wa safu hii, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa katika Kaunti ya Nyandarua, ameniuliza swali linaloonekana dogo. Aliuziwa marobota ya mviringo yaliyofungwa kwa plastiki nyeupe, akaambiwa ni "hei ya saileji". Alipoyafungua, baadhi yalinukia vizuri, mengine yalikuwa na kuvu. Muuzaji akamwambia asijali, eti "saileji ni nyasi zilizooza tu". Anauliza: Je, huo ndio Uswahili wake?

Hasha! Na hapa kosa la lugha linaweza kumfikisha mfugaji pabaya. Makala haya yanadhamiria kutenganisha istilahi tatu zinazochanganywa: kukausha, kuchachusha na kuoza.

Tuanze na hei. Neno hili tumelikopa, ingawa "nyasi kavu" linatosha kabisa. Hei huhifadhiwa kwa kuondolewa maji. Nyasi hukatwa, huanikwa juani na kugeuzwageuzwa hadi zisalie na maji ya takribani asilimia 15. Vijidudu vya kuozesha haviwezi kustawi pakavu namna hiyo. Kwa hiyo, hei huhitaji ghala lenye paa na hewa. Ukiifunga kwa plastiki hutapata saileji; utakuwa na hei iliyovishwa koti, basi. Na kama ilikuwa na unyevu wa kiasi, huenda koti lenyewe likaipikia kuvu.

Saileji ni jambo jingine. Kiasili, neno hili linatokana na "silo" la Kihispania, lenye maana ya shimo la kuhifadhia nafaka. Wafaransa walilitumia kuunda "ensilage", na mnamo 1877 mkulima wao, Auguste Goffart, akachapisha kitabu kuhusu namna ya kuhifadhi mahindi mabichi mashimoni. Waingereza walilifupisha, nasi tukalipokea kwa matamshi ya Kiingereza. Ajabu ni kwamba robota la plastiki ni saileji isiyo na shimo. Kila robota ni shimo lake lenyewe, lenye kuta za plastiki.

Kinachofanyika ndani yake si kigeni kwetu. Anayejua mursik wa Wakalenjin, maziwa lala au uji wa kuchachusha anaijua saileji nusu. Bakteria wa asidi ya laktiki hula sukari iliyomo na kutoa asidi. Asidi ikizidi, vijidudu waharibifu hushindwa kuishi, na chakula hukaa bila kuharibika. Kwa mursik chombo ni kibuyu; kwa saileji ya robota chombo ni plastiki. Kote kuwili sharti kuu ni moja: usafi, na kuzuia hewa isiingie.

Basi utaratibu wake ni upi? Nyasi, kwa mfano Boma Rhodes, hukatwa zikianza tu kutoa maua, kwa maana zikikomaa zaidi sukari hupungua na ugumu huongezeka. Huachwa juani zinyauke, si zikauke, hadi zibaki na maji ya asilimia 45 hadi 55 hivi. Mfugaji asiye na kipimo hutumia mkono. Twaa konzi ya nyasi, uikaze kwa nguvu, kisha uiachilie. Maji yakidondoka, bado ni mbichi mno. Zikivunjika kwa mlio, zishakuwa hei. Zikifunguka polepole na kiganja kikabaki na unyevu kidogo tu, wakati umewadia.

Mashine huzikaza ziwe robota gumu. Ugumu huo una sababu: nafasi zilizoachwa kati ya nyasi ni vyumba vya hewa. Robota livikwe plastiki siku iyo hiyo, ikiwezekana katika muda wa saa chache. Plastiki yenyewe si ile karatasi ya nailoni ya dukani. Ni utando mwembamba unaovutika, wenye gundi upande mmoja na uliotengenezwa kustahimili jua. Huzungushwa kwa kupishana hadi tabaka sita au zaidi. Anayebania tabaka mbili ili kuokoa pesa hujitia hasara mwenyewe.

Ndani, nyasi bado zina uhai kwa muda. Zinapumua, zinamaliza oksijeni iliyobaki, joto linapanda kidogo. Oksijeni ikiisha, bakteria wa asidi hushika usukani. Baada ya wiki nne hadi sita, kazi imekamilika. Robota zuri huwa na rangi ya kijani kibichi iliyofifia au kijani cha manjano, na harufu ya uchachu unaopendeza.

Sasa turudi kwa muuzaji na "nyasi zilizooza" zake. Kuoza ni kuharibika. Tundu moja la kucha za paka, la mdomo wa kunguru au la jino la panya huingiza hewa, na kuvu huanza karamu. Nyasi zikiwa mbichi mno au zikichanganyika na udongo, bakteria wa aina nyingine hutoa asidi yenye uvundo. Baadhi ya kuvu hutoa sumu. Sumukuvu, yaani aflatoksini, inayopatikana hasa kwenye mahindi na mabaki yake, ng'ombe akiila, sehemu yake hupita hadi kwenye maziwa. Maziwa hayo ndiyo chai yako na uji wa mtoto wako. Mfugaji aliyeaminishwa kwamba saileji "huoza" ataiona kuvu na kusema, "Aa, ndivyo ilivyo!" Hapo ndipo neno linapokuwa hatari kuliko tundu.

Kitenzi mwafaka ni kipi? Tuna "chachusha", nacho kinafaa kwa kuwa kinataja kinachotendeka. Tuna pia "vundika", tunavyovundika ndizi. Lakini hicho kimekaribiana mno na "vunda", kunuka kwa kuoza, na mkanganyiko ndio tunaoukimbia. Mimi ninapendelea "vumbika": kukifukia au kukifunika kitu ili kiive kwa wakati wake. Aliyevumbika maembe anajua kwamba hayakuachwa yaoze. Yamefichwa kwa nia. Ninapendekeza, basi, tuwaambie wafugaji "nyasi za kuvumbikwa", na zao lenyewe tuliite "mavumbiko". Neno saileji lisifutwe, lipate mwenzi anayejieleza.

Kuhusu "bale", msamiati tunao tangu jadi. Pamba na nguo hufungwa marobota. Nyasi nazo zina haki hiyo. "Robota la hei" na "robota la mavumbiko" ni vitu viwili, hata bei yake ikadiriwe mbalimbali. Kilo 100 za hei yenye maji ya asilimia 15 zina kilo 85 za lishe kavu. Kilo 100 za mavumbiko yenye maji ya asilimia 50 zina kilo 50 tu. Anayenunua kwa kilo bila kuuliza ni lipi kati ya hayo mawili huenda ananunua maji.

Yapo mawili ya kuongezea. Robota likitoboka, lizibwe mara moja kwa utepe maalumu, na likifunguliwa liliwe kwa siku chache. Plastiki nayo ikusanywe yote: isichomwe, wala isiachwe malishoni, kwani ng'ombe akiimeza humziba tumbo. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mnamo Agosti 2017 haifai kuirudisha kupitia zizi.

Ukame wa misimu mitano mfululizo ya mvua hafifu ulioishia mwaka wa 2023 uliangamiza mifugo mingi kaskazini mwa nchi. Nyasi za msimu wa mvua zikihifadhiwa ipasavyo, hasara ya namna hiyo hupungua. Ila maarifa hayo hufika zizini yakibebwa na maneno. Maafisa wa kilimo, watangazaji wa redio na wachapishaji wa vijikaratasi, chondechonde: nyasi zilizooza zitupeni, zilizovumbikwa ndizo za kulisha.