Rekodi Zisizopigiwa Makofi: Jinsi Kampuni Kubwa za Gemu Zilivyopoteza Imani ya Wachezaji

Katika vibanda vya gemu vya Songea, kuanzia Mfaranyaki hadi Lizaboni, kuna sheria moja ambayo sijawahi kuiona imeandikwa ukutani: umeme ukikatika katikati ya mechi, mechi inarudiwa. Hata kama ulikuwa umeshafungwa manne bila. Hata kama kuna foleni ya watoto kumi mlangoni. Umelipa, mechi ni yako. Nimekua na sheria hiyo enzi ambazo mji wetu ulitegemea majenereta ya dizeli, kabla umeme wa gridi ya taifa haujafika kutoka Makambako mwaka 2018, kwa hiyo tulirudia mechi nyingi sana. Sikumbuki hata siku moja mwenye kibanda akitudai mara ya pili kwa mechi iliyokatika.

Sheria hiyo ilinirudia akilini nilipokuwa nakusanya rekodi zilizo katika ukurasa huu. Ni rekodi za kampuni kubwa zinazotoa gemu duniani, na nyingi hakuna anayezishangilia. Kila nilipochimba chanzo cha hasira ya wachezaji nilikuta jambo lile lile: fedha imeshapokelewa, kisha masharti yamebadilishwa.

Mashine iliyouzwa kuliko zote

Tuanze na mapenzi, maana bila mapenzi hakuna cha kupoteza. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000, na hadi leo hakuna mashine ya gemu iliyouzwa zaidi yake. Sony yenyewe inataja milioni 160. Ndiyo iliyojenga vibanda vyetu: televisheni ya chogo, padi mbili zilizofungwa kwa utepe mweusi, benchi la mbao, na diski ya mpira ambayo wengine waliiita PES na wengine Winning Eleven. Konami ya Japani, iliyotengeneza gemu hiyo, ilipendwa hapa bila tangazo hata moja nililowahi kuliona. Watoto waliomjua mshambuliaji Adriano kwa shuti lake la mguu wa kushoto walimjua kupitia Konami kabla ya kumwona kwenye mechi ya kweli.

Mpira uliochukiwa zaidi

Ndiyo maana yaliyotokea tarehe 30 Septemba 2021 yaliuma. Siku hiyo Konami ilizika jina la PES na kuleta eFootball 2022, ya bure. Ilikuja na timu tisa tu. Master League, ile sehemu unayojenga timu yako msimu baada ya msimu, haikuwemo. Nyuso za wachezaji zilikuwa zimepinda kiasi kwamba picha za Messi na Ronaldo zilizunguka dunia nzima kama vichekesho. Katika duka la Steam, ambako wachezaji hupiga kura kusema wamependa au la, ndani ya siku moja ikawa gemu yenye alama za chini kuliko zote zilizokuwa zimewahi kupimwa hapo. Konami iliomba radhi siku iliyofuata.

Gemu ya bure, mtu atasema, mlalamikaji ana dai gani? Dai lipo. Waliokuwa wamenunua PES kila mwaka kwa muongo na zaidi ndio waliokuwa wameijenga. Hawakupewa gemu mpya kando ya ile ya zamani. Mfululizo ule wa zamani ulisitishwa, na badala yake wakapewa kitu ambacho hakijaiva.

Rekodi hiyo ya aibu ilichukuliwa na Overwatch 2 ya Blizzard ilipoingia Steam Agosti 2023, na kisa chake ni ndugu wa kile cha kwanza. Overwatch ya 2016 iliuzwa kwa fedha. Oktoba 2022 ilizimwa kabisa ili kupisha ya pili, na ile sehemu kuu iliyoahidiwa kuhalalisha namba mbili ikafutwa miezi michache baadaye.

Jibu lililokataliwa na watu wengi zaidi

Novemba 2017 kampuni ya EA ilikuwa karibu kuuza Star Wars Battlefront II. Wachezaji waliokuwa wameionja mapema wakagundua kwamba kumfungua Darth Vader, mhusika anayejulikana na kila mtoto, kunahitaji sarafu 60,000 za ndani ya gemu. Wakapiga hesabu: takriban saa 40 za kucheza. Njia ya mkato ilikuwepo, nayo ni kutoa fedha halisi kununua masanduku ya bahati, yale ambayo hujui ndani yake mna nini mpaka ulipe. Kumbuka hapo gemu yenyewe imeshalipiwa bei kamili.

EA ilijibu kwenye mtandao wa Reddit kwamba lengo ni kumpa mchezaji fahari ya kupata mafanikio. Kura za kulikataa jibu hilo zilipita 660,000, na kitabu cha Guinness cha mwaka 2020 kikaliingiza kama maoni yaliyokataliwa kuliko yote katika mtandao huo. EA ilipunguza bei ya mashujaa kwa asilimia 75, kisha mkesha wa uzinduzi ikasitisha mauzo ya ndani ya gemu.

Moto haukuishia hapo. Aprili 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya namna hiyo ni kamari, na FIFA 18 ya EA ilikuwa miongoni mwa gemu zilizotajwa. Mapema 2019 EA ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Sisi tulio na vijana wanaoweka akiba ya chipsi mayai kwenye mikeka ya kubeti tunaelewa vizuri Wabelgiji walichokiona.

EA hii hii ndiyo kampuni ya kwanza kupigiwa kura mara mbili mfululizo, 2012 na 2013, kuwa mbaya kuliko zote Marekani katika shindano la tovuti ya walaji ya Consumerist. Nadhani kura ile ilitiwa chumvi, maana zipo kampuni zinazochafua mito ya watu. Lakini ile ya 2013 ilipigwa mwezi mmoja tu baada ya SimCity kutoka, gemu iliyolazimisha intaneti muda wote huku seva zikishindwa kubeba wanunuzi. Watu walilipa wakabaki wanatazama foleni.

Milango mingi zaidi kufungwa kwa mpigo

Hii ndiyo rekodi inayotuhusu moja kwa moja, na ndiyo iliyonifanya nianze kuandika.

Helldivers 2 ilitoka tarehe 8 Februari 2024. Ndani ya wiki 12 ilikuwa imeuza nakala milioni 12, kasi ambayo hakuna gemu ya Sony ya PlayStation iliyokuwa imeifikia. Kisha, tarehe 3 Mei, Sony ikatangaza kwamba wanaoicheza kwa kompyuta wataunganisha akaunti ya PlayStation Network, la sivyo watafungiwa. Na akaunti hiyo haifunguliwi kila mahali. Katika Afrika nzima, wakati huo orodha ya Sony ilikuwa na Afrika Kusini peke yake. Tanzania haimo, Kenya haimo, Uganda haimo. Mswahili aliyeko Muscat anahesabika, kwa kuwa Oman imo. Binamu yake wa Songea hayumo. Asiyekuwa kwenye orodha hulazimika kujiandikisha kama mkazi wa nchi ya watu, jambo ambalo masharti ya Sony yenyewe yanalikataza.

Gemu ikaondolewa sokoni kwenye Steam katika nchi 177. Hesabu hiyo inajumuisha maeneo madogo na visiwa, lakini bado ni sehemu kubwa ya dunia. Wachezaji waliandika maoni hasi zaidi ya 200,000 kwa siku chache, na miongoni mwao walikuwemo wa nchi zilizomo kwenye orodha, ambao hawangefungiwa. Waliwapigania watu wasiowajua. Sony ikarudi nyuma kabla wiki haijaisha, ila mauzo katika nchi zile yalibaki yamefungwa kwa miezi mingi.

Sitaki kulipitia hili haraka. Vijana wa Bombambili hapa Songea wanaokusanya fedha wanunue kompyuta ya mtumba hawahitaji huruma ya kampuni. Wanataka kuuziwa kama wateja wengine, na wakishauziwa wasinyang'anywe.

Faini kubwa zaidi, maisha mafupi

Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520 katika kesi za tume ya biashara ya Marekani. Milioni 275 zilikuwa adhabu kwa kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi, na milioni 245 zilikuwa za kurudishiwa wateja waliosukumwa kununua kwa vitufe vilivyopangwa kuwapotosha.

Concord ya Sony ilitoka tarehe 23 Agosti 2024 na kuzimwa tarehe 6 Septemba. Siku 14. Walionunua walirudishiwa fedha zao zote, na kwa hilo Sony ilitenda haki.

Ubisoft haikutenda hivyo kwa The Crew, gemu ya magari ya 2014 iliyopitiwa na wachezaji zaidi ya milioni 12. Seva zilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na kwa kuwa haichezeki bila seva, diski ikabaki plastiki. Hapo ndipo ilipozaliwa kampeni ya Stop Killing Games, ambayo ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilipata sahihi zaidi ya milioni moja kufikia Julai 2025.

Safari ndefu ya kurudisha imani

No Man's Sky ya Hello Games, kampuni ndogo ya Uingereza, ilitoka Agosti 2016 ikiwa pungufu ya ilivyoahidiwa, na ikatukanwa vikali. Wenyewe walinyamaza, wakaanza kuongeza yale yaliyokosekana, bure, mwaka baada ya mwaka. Novemba 2024, miaka minane baadaye, jumla ya kura zake kwenye Steam ilipanda hadi daraja la kusifiwa sana. Waliirudia mechi.

Basi kwako unayetaka kununua gemu: kabla hujatoa fedha, angalia kama nchi yetu imo kwenye orodha ya kampuni na kama gemu itacheza intaneti ikikatika. Na mzazi unayemwachia mtoto simu jioni, weka neno la siri kwenye malipo kwanza.