"Remedy" si dawa ya dukani tu

Mukene ya Majanji ikishakauka hufungwa kwenye magunia na kupandishwa Busia. Ikivuka tu mpaka inaitwa omena, na ikifika Tanzania ni dagaa. Samaki ni yule yule, majina matatu. Neno la Kiingereza "remedy" lina tabia ya kinyume: jina moja, mambo kadhaa, na mfanyabiashara asiyeyatofautisha anaweza kupoteza mzigo.

Maana ya kwanza anaijua kila mtu: dawa ya kikohozi, mitishamba ya tumbo. Kilatini walisema "remedium", na mzizi wake ni ule ule uliozaa neno "medicine". Baadaye wanasheria waliliazima.

Basi mwenye magunia yaliyozuiliwa anapoandikiwa kwamba anaweza kutafuta "remedy", asifikirie duka la dawa. Mahakama za Tanzania husema nafuu, na wamechagua vizuri. Ni nafuu ile ya mgonjwa aliyeanza kunywa uji, na ile ya bei sokoni. Nafuu ya mahakama ina aina zake: fidia, kurudishiwa mali, amri ya zuio, au tamko kwamba kilichofanyika kilivunja sheria. Mdai lazima aitaje anayoitaka. Kusema "nataka haki yangu" hakutoshi, maana samaki waliooza hawarudishwi. Hapo cha kuomba ni fidia.

Kuna pia "trade remedies", zilizomo katika Itifaki ya Umoja wa Forodha ya Afrika Mashariki iliyotiwa saini mwaka 2004. Kifungu cha 24 kinaunda kamati nzima yenye jina hilo. Wengi hudhani ni msaada kwa wachuuzi. Sivyo. Hizi ni kinga za nchi, kama vile ushuru wa ziada juu ya bidhaa za nje zinazomwagwa sokoni kwa bei ya chini kuliko kwao, au zilizobebwa na ruzuku ya serikali. Mwenye kuagiza bidhaa hizo ndiye atakayelipa.

Mwenye magunia njia yake ni nyingine. Aanzie dawati la habari za biashara pale mpakani, ambako mengi humalizwa kwa mazungumzo. Lakini kama kitendo cha serikali kimevunja Mkataba wa Jumuiya, Kifungu cha 30 kinamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, bila kulazimika kumaliza kwanza mahakama za kwao.

Muda ni miezi miwili tu, tangu kitendo kifanyike au mlalamikaji akijue. Waliochelewa walijifunza kwa uchungu. Mwaka 2012, Kitengo cha Rufaa kilitupa shauri la shirika la Independent Medical Legal Unit kuhusu mateso yaliyodaiwa kufanywa Mlima Elgon, kaskazini ya Busia, kati ya 2006 na 2008. Mateso yenyewe hayakuamuliwa kamwe hapo. Shauri lilifunguliwa nje ya muda, na majaji walisema hawana mamlaka ya kuuongeza.

Kwa hiyo anayesema "ngoja kwanza nikaulize wilayani, halafu Kampala" aendelee kuuliza, ila ahesabu siku. Gunia lililokamatwa tarehe 3 Machi, mwenyewe akiwapo, mlango wake wa Arusha unafungwa mwanzoni mwa Mei.